Jinsi ya kuomba udhamini wa jeshi la Marekani usomee udaktari, kwa watoto wetu wa huku Marekani

Nimeulizwa hili jambo kwenye simu, kwenye harusi, mpaka msibani watu wananivuta pembeni, "dada hivi yule mdogo wako alifanyaje mpaka jeshi likamlipia udaktari", nami kila mara naelezea nusu halafu tunaitwa chakula. Basi leo naandika yote sehemu moja. Mdogo wangu anasoma udaktari, ada inalipwa na Jeshi la Majini la Marekani, na mimi ndo nilikuwa nashika makaratasi naye mezani usiku, kwa hiyo ninayoyasema nimeyapitia kwa mikono yangu.

Mpango wenyewe unaitwa HPSP, yaani Health Professions Scholarship Program. Upo tangu 1972, na matawi matatu yanautoa kila moja kivyake: Jeshi la Nchi Kavu, la Majini na la Anga. Marines, lile tawi jingine la jeshi, hawana madaktari wao, wanatibiwa na wa Majini, kwa hiyo ukisema unataka kuwa daktari wa Marines faili lako linaenda Majini. Ukikubaliwa wanalipa ada yote ya chuo, ada zile nyingine za lazima, vitabu na vifaa, halafu wanakupa posho ya zaidi ya dola 2,000 kila mwezi ya kula na kodi ya nyumba. Kila mwaka kuna siku 45 unahesabika uko kazini jeshini, hizo unalipwa mshahara wa afisa wa cheo cha chini badala ya posho. Kuna na pesa ya kusaini, mpaka dola 20,000, ila hiyo hakikisha imeandikwa kwenye mkataba WAKO, usichukue maneno ya mdomo. Posho na hiyo ya kusaini zinakatwa kodi, ada iliyolipwa haikatwi.

Sasa hapa ndo nataka watu wanisikilize vizuri. Watu wanasikia "bure", hamna bure. Unalipa kwa miaka. Wakikusomesha miaka 4 unawatumikia miaka 4 ukiwa daktari wa jeshi wa muda wote, na miaka ya residensi, yale mafunzo ya ubingwa baada ya chuo, HAIHESABIWI kwenye hiyo minne. Hesabu mwenyewe: chuo 4, residensi ya watoto au ya familia 3, halafu utumishi 4, yaani miaka 11 tangu siku ya kiapo. Ukichagua ubingwa mrefu kama upasuaji wa ubongo hata deni la utumishi lenyewe linaweza kuongezeka, manake residensi ndani ya jeshi nayo ina deni lake. Na juu ya hapo kuna jumla ya miaka 8 ya kuwa kwenye orodha yao, maana yake hata ukishatoka wanaweza kukuita ikitokea vita kubwa.

Na kwa sababu unalipa kwa miaka na sio kwa dola, kuna kitu watu wengi hawakioni. Miaka minne ni ileile, iwe chuo chako kina ada ya dola 20,000 kwa mwaka au 65,000. Sisi tuko Texas, na vyuo vya serikali vya udaktari hapa kwa mkazi wa jimbo ni rahisi sana ukilinganisha na vyuo binafsi. Rafiki yake mdogo wangu alipata chuo cha serikali, tukakaa tukapiga hesabu naye, tukamwambia ukweli kwamba kama hujisikii jeshi ndani ya moyo wako, kwa ada hiyo kopa tu. Mdogo wangu yeye alipata chuo binafsi, ghali, na tangu sekondari alikuwa anataka uniform. Mambo mawili yamekutana. Kama kwako limekutana moja tu, tulia kwanza ufikirie.

Najua kinachowasukuma wengi saa hizi ni mikopo. Sheria ya 2025 imeufuta ule mkopo wa Grad PLUS, wa serikali kwa wanaosoma baada ya digrii ya kwanza, kwa wakopaji wapya kuanzia 1 Julai 2026, na kwa fani kama udaktari mkopo wa serikali umewekewa kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 jumla. Kwa mtoto ambaye wazazi wanabeba boksi usiku na hakuna wa kumsainia mkopo wa benki, hicho kikomo kinauma, chuo binafsi ada peke yake inapita hapo kabla hujala wala kulala. Kwa hiyo naelewa. Ila bado nasema usiingie jeshini kwa kukimbia mkopo peke yake, utaumia mwaka wa nane uko melini katikati ya bahari unajiuliza ulifata nini.

Haya, tuanze. Cha kwanza kabisa ni uraia. Lazima uwe raia wa Marekani, grinkadi, ile kadi ya ukaazi wa kudumu, haitoshi, hapa hamna kuzunguka, manake unaapishwa kuwa afisa. Kama una grinkadi anza mambo ya uraia sasa hivi, usingoje mpaka umalize chuo. Lakini kuna watoto wetu wengi ni raia tayari na hawajui! Kama uliingia na grinkadi, na mzazi unayeishi naye, ambaye ana haki ya kukulea kisheria, akaapa uraia kabla hujatimiza miaka 18, wewe ulipata uraia palepale kwa sheria, bila kuapa. Unachokosa ni karatasi tu, omba pasipoti ya Marekani au cheti kwa fomu ya N-600. Nimeona kijana kapoteza mwaka mzima anajaza fomu za kuomba uraia ambao alikuwa nao tangu ana miaka 15.

Kuhusu uraia pacha, sisi wa Tanzania ni rahisi, nchi yetu hairuhusu, ukishachukua wa Marekani kwa hiari ule wa nyumbani umeisha. Wakenya wanaruhusiwa tangu katiba ya 2010. Kuwa na uraia wa pili peke yake sio kosa, kuuficha ndo kosa. Una pasipoti ya Kenya kwenye droo? Itaje.

Pili, chuo chenyewe lazima kiwe Marekani au Puerto Rico na kiwe na ithibati, digrii ya udaktari ya MD sawa, ya DO sawa. Vile vyuo vya visiwa vya Caribbean havilipiwi. Na kukubaliwa chuo ni kazi nyingine kabisa pembeni, yaani unaomba vitu viwili kwa wakati mmoja: chuo kupitia mifumo ya maombi ya AMCAS (vyuo vya MD), AACOMAS (vya DO) au hapa Texas TMDSAS, na udhamini kupitia jeshi. Jeshi halikutafutii chuo. MCAT, mtihani wa kuingilia chuo cha udaktari, inapimwa kuanzia 472 mpaka 528, katikati ni 500, na ukiwa chini ya 500 bodi za jeshi zinazochagua watu zinakuwa ngumu kwako hata uwe na moyo wa simba. Usiende bodi na alama mbovu ukitegemea hadithi ya maisha, rudia mtihani.

Sasa nani wa kumpigia. HAPA ndo tuliumia. Mdogo wangu aliingia ofisi moja ya kuandikisha askari karibu na maduka, akaeleza vizuri kabisa kwamba anataka kusomea udaktari, akaambiwa aanze kama askari wa kawaida upande wa hospitali, "halafu ukishaingia utaomba". Alirudi nyumbani na kalenda na kalamu, amefurahi, tarehe ya mtihani wa askari ameshapewa. Nikakaa kusoma usiku kucha. Wale wa pale wanaandikisha askari wa kawaida, hiyo ndo kazi yao na ndo wanapimwa nayo. Udhamini wa udaktari unashughulikiwa na maafisa waandikishaji wa fani za afya, hao wana ofisi zao, wachache, mmoja anaweza kushika eneo kubwa sana. Kwenye tovuti ya kila tawi kuna fomu ya kuulizia upande wa afya, jaza hiyo. Ukikaa mbele ya mtu muulize moja kwa moja: je wewe unashughulika na HPSP? Akianza kuzunguka, shukuru, ondoka. Na usisaini kitu chochote siku hiyo.

Ongea na matawi yote matatu kabla hujachagua. Jeshi la Nchi Kavu lina hospitali kubwa na nafasi nyingi za residensi ndani, San Antonio huko ni kama mji wa madaktari wa jeshi. Majini wapo Bethesda, San Diego, Portsmouth ya Virginia, na wana desturi ya kuchukua baadhi ya vijana baada ya mwaka mmoja tu wa mafunzo na kuwapeleka kuwa madaktari wa kawaida kwenye meli au kwa Marines, miaka miwili hivi, ndo warudi kumalizia ubingwa. Hiyo miaka inahesabika kwenye kulipa deni, ila inakuchelewesha kuwa bingwa. Mdogo wangu alilijua hilo akalikubali. Wengine wanalijua wakiwa mwaka wa nne wanalia. Muulize afisa wako, na muhimu zaidi omba akuunganishe na wanafunzi na madaktari waliopo ndani, ongea na hao bila yeye kuwepo.

Ratiba. Fomu za AMCAS zinafunguliwa mwanzoni mwa Mei na kutumwa kuanzia mwisho wa Mei, kwa hiyo afisa wa afya mtafute mapema mwaka huohuo, Januari Februari hivi. Mwaka wa bajeti wa serikali unaanza 1 Oktoba na nafasi zinagawiwa kwa bodi zinazokaa mara kadhaa, anayefika mapema anakuta sahani imejaa, anayefika mwisho anakuta ukoko. Unaweza kuanza faili kabla ya barua ya chuo, lakini pesa haitoki mpaka uwe umekubaliwa chuo na umeapa. Faili lina transkripti za vyuo VYOTE ulivyopita, hata kale kakozi kamoja ka kiangazi, alama za MCAT, CV, insha ya kwa nini unataka kuwa afisa na daktari, barua za mapendekezo, na usaili na afisa, mara nyingi daktari. Barua chukua kwa profesa anayekujua kweli, daktari uliyemfuata hospitalini, na mtu aliyewahi kukusimamia kazini. Mdogo wangu barua yake nzuri kuliko zote ilitoka kwa msimamizi wake kwenye nyumba ya wazee alipokuwa anafanya usiku, sio kwa profesa.

Kwenye insha na usaili swali ni moja tu limevaa nguo tofauti, kwa nini jeshi na sio mkopo. Pesa unaweza kuitaja, wao sio watoto, lakini isiwe jibu zima. Sema ukweli wako. Mdogo wangu alieleza kuhusu bibi yetu kujifungulia njiani kuelekea zahanati na kwa nini anataka kuwa daktari anayeweza kufanya kazi mahali pasipo na kila kitu, wakamsikiliza kimya.

Upimaji wa afya unafanyika MEPS, kituo cha kupima wanaojiunga na jeshi, utakaa siku nzima kuanzia alfajiri, damu, mkojo, macho, masikio, na kutembea umechuchumaa kama bata. Pumu baada ya kutimiza miaka 13 inazuia, na dawa za ADHD (tatizo la kushindwa kutulia) za karibuni, na mengine mengi, ila kuna ruhusa maalum, weva, na watu wanazipata kila mwaka. Usijikatae mwenyewe nyumbani. Kwa sisi kuna hili la TB: wengi tulichanjwa BCG utotoni, tuna kovu begani, na kile kipimo cha ngozi kinaweza kutoka positive kwa sababu ya chanjo tu. Omba daktari wako akupime kile cha damu, kinaitwa QuantiFERON, hicho hakidanganywi na BCG, weka majibu kwenye faili. Kama ulishawahi kutumia dawa za TB iliyolala tafuta karatasi inayoonyesha ulimaliza. Na usifiche ugonjwa, siku hizi wanavuta rekodi zako za hospitali kwenye kompyuta, dawa uliyopewa ukiwa na miaka 16 wataiona. Bangi hata kama jimboni kwenu ni halali, kwa serikali kuu sio halali, mkojo hauna jimbo. Mirungi nayo vilevile, kiungo chake kisheria kipo kwenye dawa za kulevya.

Halafu linakuja lile fomu, SF-86, la kibali cha usalama. Tengeni wikiendi mbili, mama akiwepo. Wanataka kila nyumba uliyokaa miaka 10 nyuma, kila kazi, kila safari ya nje miaka 7 nyuma, na ndugu. Na hapo kwenye ndugu sisi tunachanganyikiwa. Wakisema kaka wanamaanisha mliyechangia baba au mama au wa kambo, sio mtoto wa baba mdogo. Mdogo wangu alianza kuandika akafika "kaka" wa tisa nikamwambia simama. Lakini usidhani baba mdogo wa Tabora amepona, kuna sehemu nyingine wanauliza raia wa nje unaowasiliana nao kwa ukaribu, kama unaongea naye kila wiki kwa WhatsApp anaingia huko. Wanauliza pia kama umewahi kumsaidia kifedha mtu ambaye ni raia wa nchi nyingine. Yaani zile za M-Pesa, ada ya binamu, dawa za bibi, bati za nyumba. Kumtumia bibi hela sio dhambi, andika tu. Chukua historia kwenye app unayotumia kutuma uandike kwa uhakika. Majina yakiwa yameandikwa tofauti kwenye cheti cha kuzaliwa, pasipoti na vyeti vya shule, au kama kwenu mliandikiwa wote tarehe ya kuzaliwa 1 Januari kwenye kambi ya wakimbizi, eleza kwenye nafasi ya maelezo, kwa utulivu, kabla hawajauliza. Wanaume hakikisheni na Selective Service, daftari la serikali la wanaoweza kuitwa jeshini, mmejiandikisha.

Ukichaguliwa utaletewa mkataba. Soma kila ukurasa na mtu mzima mwingine. Angalia miaka ya udhamini, miaka ya utumishi, pesa ya kusaini, na kipengele cha ukiacha shule. Huwezi kuamka siku moja useme nawarudishia hela zenu niende zangu, wao ndo wanaamua, wanaweza kudai pesa na riba au wakakutaka utumikie kwa kazi nyingine. Na jua kwamba residensi unaomba kwanza kwa jeshi, majibu yanatoka Desemba, wenzako wa kiraia wanasubiri mpaka Machi. Jeshi linaweza kukupa nafasi kwao, au likakuruhusu ukasome hospitali ya kiraia, au likakunyima ubingwa unaoutaka ukasubiri. Kama ndoto yako ni ubingwa mmoja tu na usipoupata utachukia maisha, hii njia sio yako, kweli kabisa.

Zipo njia jirani. Kuna chuo cha jeshi chenyewe kule Bethesda, Uniformed Services University, hakuna ada na unalipwa mshahara kamili wa afisa tangu siku ya kwanza, ila unadaiwa miaka 7. Kuna National Health Service Corps, hii ni ya kiraia, wanakusomesha halafu unatibu watu maeneo yasiyo na madaktari, ni kwa wanaotaka tiba ya familia, watoto na kadhalika, angalau miaka 2, nayo inataka uraia. Kwa mtu anayetaka kuhudumia lakini sio kuvaa magwanda mi ningemwambia aanzie hapo.

Mama yetu alikataa miezi miwili. Alisema sikutoka na mtoto kijijini nije nimpe serikali ya watu. Hatukumdanganya kwamba madaktari hawaendi vitani, wanaenda. Jeshi la Marekani lipo hata Djibouti, na Januari 2020 kambi ya Manda Bay kule Lamu ilishambuliwa wakafa Wamarekani 3. Tulimwonyesha hayo yote, pamoja na nyumba angekaa, mshahara, bima, na akaongea na mama mmoja wa Kinaijeria ambaye binti yake ni daktari wa Jeshi la Anga. Huyo mama ndo alimlainisha, sio sisi. Kama mzazi wako anakataa mtafutie mzazi mwenzake.

Siku ya kiapo afisa yeyote mwenye kamisheni anaweza kukuapisha, na popote, sio lazima ofisini, kwa hiyo chagua mahali ambapo wazazi watafika. Unakuwa Luteni Usu, kwa Majini wanaita Ensign, na ukimaliza udaktari unapandishwa kuwa Kapteni, kwa Majini Lieutenant. Kiangazi kimoja utaenda mafunzo ya uafisa, Newport ya Rhode Island kwa Majini, wiki 5, Anga wanaenda Alabama. Baada ya kiapo jaza haraka fomu ya benki, tunza risiti za vitabu na vifaa ili urudishiwe, na posho ya kwanza inaweza kuchelewa, kwetu ilichukua karibu miezi miwili kufika, kwa hiyo weka kodi ya nyumba ya miezi miwili pembeni na usiache kazi yako ya wikiendi mpaka uione imeingia.